Bawasiri ya ndani: kabla ya kufikiria kisu

Wengi wenye bawasiri ya ndani huamini wana njia mbili tu: dawa ya kupaka inayouzwa stendi kwa ahadi kwamba kinyama kitanyauka na kudondoka chenyewe, au kulazwa na kukatwa. Kisu kinatisha, na aibu ya kuvua nguo mbele ya daktari inatisha zaidi, kwa hiyo huanzia stendi na wengine hubaki hukohuko kwa miaka. Hoja yangu ni kwamba kati ya ncha hizo mbili zipo tiba zilizopimwa vizuri na zisizo ghali, na ndizo zinazowatosha wagonjwa walio wengi. Zina masharti mawili: zianze baada ya mgonjwa kuchunguzwa, na zifuatwe kwa mpangilio.

Kila mtu, mzima au mgonjwa, ana vitakia laini vya nyama na mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kuziba vizuri, kama washa ya mpira kwenye bomba, ili hewa na maji visivuje. Mwaka 1975 daktari wa upasuaji W.H.F. Thomson aliandika kwamba vitakia hivyo ni sehemu ya kawaida ya mwili, na kwamba ugonjwa huanza pale nyuzi zinazovishikilia zinapolegea vikashuka. Sehemu ya juu ya njia hiyo, bawasiri ya ndani inapoanzia, haina mishipa ya fahamu inayohisi maumivu kama ngozi inavyohisi, ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu nyekundu mbichi bila kuuma. Anayesikia maumivu makali ya kuchana kila akienda haja aghalabu ana mchaniko, si bawasiri. Madaktari huipanga bawasiri ya ndani katika madaraja manne: inayotoa damu tu bila kutokeza, inayotokeza wakati wa kusukuma na kurudi yenyewe, inayorudi kwa kusukumwa na kidole, na isiyorudi kabisa. Daraja ndilo linaloamua tiba, na hakuna muuza dawa wa stendi anayeliulizia.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuchunguzwa kwanza. Damu kwenye kinyesi inaweza kuletwa na amiba, na kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria inaweza kuwa kichocho cha tumbo. Inaweza pia kuwa saratani ya utumbo mpana, na mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Kidole peke yake hakitoshi, kwa kuwa bawasiri ya ndani ni laini na mara nyingi haishikiki. Daktari huingiza kibomba kifupi chenye mwanga na kuiona kwa macho, kazi ya dakika chache isiyohitaji ganzi. Aliyefikisha miaka 45, anayekonda bila sababu, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, mwenye upungufu wa damu, au mwenye ndugu wa karibu aliyeugua saratani hiyo, asikubali kuondoka na jibu la bawasiri bila kujadili kipimo cha kamera cha utumbo mpana wote.

Ikishajulikana kuwa ni bawasiri ya daraja la kwanza au la pili, tiba ya kwanza iko jikoni. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane ulijumlisha majaribio 7 yenye wagonjwa 378 na kukuta kwamba nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, zilipunguza uwezekano wa kuendelea kutoka damu kwa takriban nusu. Nyuzinyuzi hunyonya maji, choo kikawa kikubwa na laini, na mtu akaacha kujikamua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mlo wetu hilo linawezekana bila duka la dawa: ugali wa dona badala ya sembe, bakuli la maharage, kunde au mbaazi, fungu la mchicha au matembele, kisha papai au chungwa linaloliwa na nyama yake badala ya kukamuliwa juisi. Ziongezwe kidogokidogo, maana anayezirundika siku moja hujaa gesi na kuacha siku ya tatu. Maji yaende pamoja nazo, na subira iwe ya wiki kadhaa.

Hapa hutokea pingamizi la haki: mbona wapo wanaokula dona na maharage maisha yao yote na bado wana bawasiri? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alidai katika miaka ya 1970 kwamba bawasiri ni adimu vijijini Afrika kwa sababu ya mlo wenye nyuzinyuzi nyingi. Naona alivuka mpaka wa ushahidi wake. Ugonjwa unaofichwa kwa aibu hauhesabiki kwa kuwatazama waliofika hospitali, na ujauzito, umri na kukaa chooni muda mrefu vina mchango wao. Lakini majaribio niliyoyataja hayategemei nadharia yake. Yanajibu swali jingine: mwenye bawasiri tayari akiongeza nyuzinyuzi, je, hupata nafuu? Hupata. Mazoea ya chooni nayo yarekebishwe: mtu aende haja inapombana, asikae zaidi ya dakika tano hivi, na simu ibaki nje.

Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, dakika kumi au kumi na tano, hutuliza muwasho, ingawa ushahidi wake ni mdogo. Krimu na dawa za kuingiza hupunguza kero kwa siku chache. Zenye steroidi zisizidi wiki moja au mbili kwani hudhoofisha ngozi. Hakuna hata moja inayorudisha kitakia kilichoshuka. Ninachokipinga bila kusita ni dawa zinazounguza, ziwe za kupaka au za kuchomwa sindano na mtu asiye na mafunzo. Nyama huungua kweli, na kovu linaloachwa linaweza kuibana njia mpaka choo kipite kwa shida maisha yote.

Mlo ukishindwa, au bawasiri ikiwa daraja la tatu, hatua inayofuata ni kufungwa mpira. Daktari Blaisdell aliieleza njia hii mwaka 1958 na daktari Barron akaiboresha mwaka 1963. Mpira mdogo huvishwa kwenye shina la bawasiri, damu haifiki, na baada ya siku tano hadi kumi nyama hudondoka. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wanaoikataa husema inarudi, na wana takwimu: jaribio la HubBLe la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta tatizo limejirudia ndani ya mwaka kwa asilimia 49 ya waliofungwa mpira, dhidi ya asilimia 30 ya waliofungwa mishipa ya damu kwa upasuaji. Lakini hesabu hiyo iliwajumuisha waliohitaji tu mpira wa pili, na njia ya upasuaji iliuma zaidi siku za mwanzo na kugharimu zaidi. Kurudia jambo la dakika chache si kushindwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema, na yeyote atakayepata homa, maumivu yanayozidi au kushindwa kukojoa baada ya kufungwa arudi hospitali siku ileile.

Kisu kina mahali pake: daraja la nne, la tatu lisilosikia mpira, au damu inayomtoka mtu mpaka aishiwe damu. Operesheni ya Milligan na Morgan ya mwaka 1937 bado inatumika sana. Jaribio la eTHoS, lililowafuatilia watu 777 Uingereza, lilikuta kwamba waliokatwa kwa njia ya kawaida waliishi vizuri zaidi katika miaka miwili kuliko walioshonwa kwa mashine mpya na ghali. Maumivu ya wiki za kwanza ni ya kweli na mgonjwa aambiwe waziwazi, apewe dawa za kutosha na ya kulainisha choo, na apange mapumziko ya kazi kabla hajaingia chumba cha upasuaji.