Sikio la Kuazima

Mpigie mtu kwa simu ya kizamani, umtamkie neno moja tu: "samani". Huenda akasikia "thamani", na wala masikio yake hayana kosa. Simu hiyo hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa "s" iko juu ya hapo.

Je, mhandisi wa mtandao atajuaje kwamba umesikia vibaya? Mitambo yake huhesabu pakiti. Simu ya intaneti hukatakata sauti vipande, ndizo pakiti hizo, aghalabu vya milisekunde 20, kwa hiyo pakiti 50 husafiri kila sekunde. Zikipotea 10 mfululizo ukiwa umenyamaza, hapana anayeshtuka. Zikipotea unapomtajia mtu namba ya kumtumia pesa, imekwenda silabi nzima, na pengine pesa nayo. Kwenye hesabu ya mhandisi, hasara hizo mbili ni sawasawa.

Ndiyo maana kipimo cha kuaminika kimekuwa sikio la mtu. Kwa utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, watu husikiliza rekodi mahali patulivu, kisha kila mmoja hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, na wastani wake ndio ubora wa sauti. Kazi hiyo ni ghali, tena ya polepole. Mwaka 2001 ITU ilipitisha PESQ, programu inayolinganisha sauti iliyotumwa na iliyopokelewa. Lakini simu ya, tuseme, Mama Asha na mwanawe inapoendelea, nani anayo nakala safi ya kulinganishia?

Hapo ndipo mashine inapofundishwa. Hupewa maelfu ya rekodi zilizokwisha kutiwa alama na watu, ikajifunza kukisia alama ya rekodi ngeni bila kuiona ile ya asili. NISQA, mashine ya aina hiyo kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, hutaja pia kero yenyewe: kelele, kukatika, ukubwa wa sauti, au sauti iliyoharibika kana kwamba mtu anaongea ndani ya pipa. Kwangu hilo lina faida zaidi kuliko alama yenyewe. Fundi akiambiwa 2.3 atakuna kichwa. Akiambiwa "inakatika" atazifuata pakiti zilizopotea.

Hata hivyo, sikio hilo la mashine ni la kuazima. Linachukia walichokichukia waliolifundisha, kwa hiyo kabla ya kulitegemea huku kwetu, alama zake zilinganishwe kwanza na za wasikilizaji wa Kiswahili.

Tena, kwa kuwa husikiliza rekodi ya upande mmoja, halisikii ucheleweshaji. Kwa mujibu wa ITU, sauti isipochukua zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, mazungumzo mengi hayasumbuki. Ikichukua 600, rekodi bado yaweza kupata alama nzuri, huku wenye simu wakigongana: "Sema wewe." "Hapana, sema wewe." Kisha wote kimya.