Tangi, Mtungi na Kifaru: Utengano wa Maana na Upatanisho wa Kisarufi, kwa Mifano ya Pwani ya Mtwara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua majina ya vyombo vya kuhifadhia na ya gari la kivita ambavyo Kiingereza huvikusanya chini ya neno moja. Kwa kurejelea mazingira ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, yanaonesha kwamba Kiswahili huzitenganisha dhana hizo kwa leksimu na kwa upatanisho wa kisarufi, na kwamba utengano huo unastahili kulindwa katika tafsiri.

Utangulizi

Bandari ya Mtwara, kama zile za Dar es Salaam na Tanga, hupokea mafuta chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja. Gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 husafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kusini, Ruvuma ni mpaka na Msumbiji. Tangu uasi wa Cabo Delgado ulipozuka mwaka 2017, habari za ulinzi zimekuwa sehemu ya maisha ya vijiji vya mpakani. Katika mazingira hayo, taarifa moja yaweza kutaja hifadhi ya mafuta na zana za kivita kwa pamoja. Kosa la istilahi hapo hupotosha habari yenyewe.

Vyombo vya kuhifadhia

Tangi ni neno la mkopo lililoingia katika ngeli ya LI-YA: tangi limejaa, matangi yamejaa. Hutaja hasa chombo kikubwa kilichosimikwa, kama tangi la mafuta bandarini, au matangi ya mradi wa maji wa Makonde, ambao hupandisha maji kutoka bondeni kwa ajili ya wakazi wa Newala na Tandahimba. Chombo hicho kikifungwa juu ya lori, gari zima huitwa boza. Tangi la plastiki la nyumbani nalo huitwa simtanki, jina la kibiashara lililogeuka nomino ya kawaida.

Gesi ya kupikia, hata hivyo, huwekwa katika mtungi. Neno hili lilitaja kwanza chungu cha maji, kisha likapanuliwa kimaana hadi chombo cha chuma kinachobebeka. Kigezo cha upanuzi huo ni umbo na matumizi: mtungi hubebwa, hujazwa na kurudishwa, ilhali tangi hubaki mahali pake. Kwa hiyo mkopo haukulifuta neno la zamani; kila moja lilipata eneo lake.

Gari la kivita

Jina la Kiingereza la gari hili lilitokana na usiri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliliunda kwa kisingizio kwamba ni chombo cha maji, na jina hilo likabaki hata baada ya gari kuonekana vitani huko Somme tarehe 15 Septemba 1916. Kireno, lugha rasmi ya ng'ambo ya Ruvuma, nacho hutumia *tanque* kwa hodhi la maji na kwa gari la kivita. Kiswahili kilichagua sitiari: kifaru, kwa ngozi nene, pembe iliyoelekezwa mbele na mwendo wa kushambulia.

Sitiari hii yaweza kuzua utata kati ya mnyama na mtambo, lakini upatanisho huuondoa:

(1) Vifaru wawili wamevuka mto.
(2) Vifaru viwili vimevuka mto.

Katika (1) upatanisho wa viumbe hai (A-WA) huonesha wanyama. Katika (2) upatanisho wa KI-VI huonesha mitambo. Umbo la nomino ni lilelile, lakini sarufi imebeba tofauti nzima.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kamusi zinapaswa kuonesha upatanisho wa kila maana ya kifaru, kwa kuwa ndio unaotofautisha maana hizo. Pili, mfasiri aepuke kuandika "tangi la jeshi" kwa maana ya gari la kivita. Kwa msomaji wa Kiswahili, maneno hayo yanataja chombo cha maji au mafuta kinachomilikiwa na jeshi. Mkazi wa kando ya Ruvuma anayesoma kwamba "matangi ya jeshi yamefika" ataelewa kuwa maji au mafuta yameletwa, ilhali kilichofika ni vifaru.