Je, Wajua? Daftari la Kasoro Husafiri na Programu

Je, wajua kwamba orodha ya kasoro za programu si lazima ikae kwenye seva moja? Inaweza kuhifadhiwa pamoja na msimbo wenyewe, kila mwanaprogramu akawa na nakala yake kamili. Akikosa intaneti, bado ataandika kasoro, ataijadili na kuifunga. Mtandao ukirudi, nakala zinaoanishwa.

Zana zinazowezesha hili hutofautiana mahali zinapoweka kumbukumbu:

• Bugs Everywhere huandika kasoro katika faili zilizo ndani ya mradi. Hivyo kasoro hufuata tawi la msimbo, yaani toleo linaloendelezwa kando: ikifungwa kwenye tawi moja, hubaki wazi kwenye jingine mpaka matawi yaunganishwe. Lakini watu wawili wakihariri faili moja, mabadiliko yao huweza kugongana.

• git-bug hutumia Git, mfumo wa kusimamia matoleo ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ila haichanganyi kumbukumbu zake na faili za mradi. Kila badiliko huhifadhiwa kama tukio, kisha matukio hupangwa kwa mfuatano ili kupata hali ya sasa.

• Fossil, kazi ya D. Richard Hipp aliyebuni hifadhidata ya SQLite, hubeba msimbo, kasoro na wiki katika faili moja ya hifadhidata. SQLite yenyewe hutunzwa kwa Fossil.

Timu iliyokwisha kuzoea Git itaona git-bug ni nyepesi kuanza nayo. Inayoanza mradi mpya na kutaka vyote chini ya paa moja, Fossil inaitosha.