Nani Aliyekutwika?

Jioni moja ya Kwaresima jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa mama mmoja mjane. Baada ya sala, jirani yetu alishusha khanga aliyojitanda, tukaona jicho lililovimba na kufumba. Mumewe alikuwa amempiga tena. Tulikaa kimya, kisha mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, akamwambia kwa upole: “Vumilia, mwanangu. Kila mtu na msalaba wake.” Tukatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno moja ambalo kila aliyewahi kuteka maji analijua. Kisimani ndoo ikijaa, unamwomba mwenzako: “Nitwishe.” Ukifika nyumbani unaita aliye karibu: “Nitue.” Kutwikwa ni kuwekewa mzigo na mwingine. Kujitwika ni kuuinua mwenyewe, kwa hiari yako. Biblia ya Kiswahili inapoeleza wito wa Yesu kwa wanaotaka kumfuata, inatumia neno kujitwika: ajitwike msalaba wake. Mathayo na Marko wanauandika wito huo, na Luka, katika sura ya 9 aya ya 23, anaongeza kwamba ni jambo la kila siku.

Ngumi ya mume mtu hajitwiki. Mtu hutwikwa. Kuiita msalaba ni kumpa mpigaji nafasi ambayo Injili haikumpa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu.

Msalaba wenyewe ulikuwaje? Chini ya utawala wa Roma ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anataja utumwa kwanza ndipo anataja msalaba: Kristo alitwaa hali ya mtumwa, akatii hata kufa kifo cha msalaba. Hakuna aliyemburuta pasipo yeye kukubali. Aliingia Yerusalemu akijua kinachomngoja, na aliingia kwa ajili ya wengine.

Pale Mkunazini, Zanzibar, ukweli huo umejengwa kwa mawe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa katika uwanja huo. Mapokeo yanasema altare imesimama mahali ambapo watumwa walikuwa wakichapwa viboko. Ndani yake umo msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone.

Mimi nikiutazama msalaba ule humkumbuka zaidi James Chuma. Alikuwa kijana wa Kiyao, akakombolewa mwaka 1861 kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Livingstone alipofariki Mei 1873, Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliokuwa wakimhudumia waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Wangeweza kumzika palepale na kurudi makwao. Yule aliyewahi kutwikwa utumwa akajitwika mzigo ambao hakuna aliyemlazimisha kuubeba.

Jirani yetu je? Wiki mbili baada ya jioni ile, yule mama mjane alimfuata alfajiri, akamsindikiza polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha akampa yeye na watoto wake chumba kimoja kati ya viwili alivyokuwa navyo. Alisemwa mtaani kwamba anavunja ndoa za watu. Unga uliokuwa ukimtosha mwezi ukawa unaisha kwa siku chache. Msalaba tulioutafuta kwa jirani yetu ulikuwa pale wakati wote, ukimngoja mmoja wetu aliyekaa kwenye mkeka. Mjane ndiye aliyejitwika.

Tunapenda kuulizana, “Umeokoka?” Ni swali jema. Wokovu wa Kalvari ni zawadi, haununuliwi kwa matendo. Lakini aliyetuliwa mzigo wa dhambi amebaki na mikono mitupu, na mikono hiyo ina kazi: kumtwisha anayeelekea kwenye wema, na kumtua anayeumia.

Msomaji, Jumapili hii ukisikia mtu akiambiwa avumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake, usitikise kichwa kama nilivyotikisa mimi. Uliza kwanza nani amemtwika. Ukiona ni mkono wa binadamu, nyoosha wako umtue.