Padri hasemi: Siri ya kitubio ilipogongana na sheria

HEBU tuambiane ukweli. Ukimwambia beste siri yako leo, kesho skrinshoti iko kwenye grupu la WhatsApp.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye hata polisi wakimbana, hafai kufungua mdomo. Huyo ni padri aliyekusikiliza ukiungama.

Kwa Wakatoliki, hili si suala la padri kuwa mtu wa siri kwa hiari yake. Ni sheria ya Kanisa. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza padri anayetoboa siri ya kitubio avuliwe upadri. Siku hizi, anayeifichua moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo.

Sasa je, serikali nayo ikimwambia aseme?

Swali hilo lilifika mahakamani jijini New York mwaka 1813. James Keating alikuwa ameibiwa mali, kisha akarudishiwa na Padri Anthony Kohlmann. Wakuu wa sheria wakataka kujua: Padri, ni nani alikupa?

Kohlmann akagoma. Alichokijua, alisema, alikijua kupitia kitubio, na hakuwa tayari kukisema hata kama angefungwa.

Mahakama iliyoongozwa na meya wa jiji, DeWitt Clinton, iliamua kwamba padri hawezi kulazimishwa. Cha kushangaza, William Sampson, mmoja wa mawakili waliomtetea Kohlmann, alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1828, jimbo la New York likaweka kinga hiyo katika sheria yake.

Mali ya wizi ni kitu kimoja. Je, kama anayeumia ni mtoto?

Hapo ndipo kesi ya jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani, inapokuwa ngumu. Mnamo Mei 2, 2025, Gavana Bob Ferguson alitia saini sheria iliyowataka viongozi wa dini kuripoti dhuluma dhidi ya watoto ndani ya saa 48. Kitubio hakikuachwa nje. Padri ambaye angekaa kimya alikabiliwa na kifungo cha hadi siku 364 na faini ya hadi dola 5,000.

Usikimbilie kusema wabunge hao walikuwa na chuki na Kanisa. Dunia nzima imeona jinsi baadhi ya maaskofu walivyowahamisha mapadri waliodhulumu watoto kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuwapeleka kwa polisi. Mzazi anayeuliza kwa nini siri ipewe uzito kuliko mwanawe ana haki ya kuuliza.

Maaskofu wa jimbo hilo, akiwemo Askofu Mkuu Paul Etienne wa Seattle, walienda kortini. Hawakupinga mapadri kuripoti. Walichopinga ni kulazimishwa kutoboa yale yanayosemwa kwenye kitubio. Hoja ya wanaotetea siri hiyo ni kwamba mkosaji akijua padri atampigia polisi simu, hatakuja kabisa, na hapatakuwa na mtu wa kumhimiza ajisalimishe.

Mnamo Julai 18, 2025, Jaji David Estudillo alizuia sheria hiyo kutumika dhidi ya siri ya kitubio, siku chache kabla ya kuanza kutekelezwa. Aliona kwamba padri alikuwa amebanwa huku baadhi ya mawakili wakiachiwa siri za wateja wao. Oktoba mwaka huo, pande zote zikaelewana: mapadri wataripoti wanachokiona na kukisikia kwingineko, ila si kile walichokijua kupitia kitubio pekee.

Kwa hivyo kinga ni ya kitubio tu. Padri akiambiwa jambo ofisini, kwenye simu au baada ya misa, hawezi kujificha nyuma ya kitubio. Na askofu aliyepata ripoti mezani hana siri ya kulinda hapo.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui. Ukidhulumiwa kisha ukalisema kwenye kitubio tu, padri hawezi kwenda kukusemea. Anachoweza ni kukuomba umweleze tena mkiwa nje, au kukuhimiza utafute msaada. Siri hiyo inamfunga hata anapotaka kukusaidia.

Kwa hivyo ungama ukitaka, lakini usiishie hapo. Tena kudhulumiwa si dhambi yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au kama uko hapa Kenya, piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto. Huyo wa 116 hajafungwa mdomo.