Sufu Huficha Ugonjwa: Utunzaji wa Kundi Dogo la Kondoo

Mbuzi akiumwa hulia, na jirani wote husikia. Kondoo akiumwa hunyamaza. Hufuatana na wenzake malishoni, huinamisha kichwa kama anayekula, na asubuhi moja hukutwa amekufa zizini. Hapo mwenyewe husema, "Jana alikuwa mzima." Lakini mara nyingi hakuwa mzima jana wala juzi. Alikuwa akikonda kwa muda wa majuma mengi, ila sufu yake ilimfunika kama blanketi, na hapana mtu aliyempapasa mgongo.

Katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Kinangop, Ol Kalou, Molo na Timau, wako watu wengi wafugao kondoo kumi au ishirini kando ya mashamba yao ya viazi na mboga. Kondoo hao ndio akiba ya nyumba. Mmoja huuzwa shule zinapofunguliwa, mwingine huuzwa mgonjwa apelekwapo hospitali. Mwenye kondoo elfu moja akipoteza sita huona hasara. Mwenye kumi na wawili akipoteza sita amepoteza nusu ya mali yake.

Hata hivyo mwenye kundi dogo anayo nafasi ambayo tajiri hana. Yeye anaweza kumshika kila kondoo kwa mikono yake mwenyewe, walau mara moja kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha nyingi, na ndiyo msingi wa utunzaji wote.

MAHALI PANNE PA KUTAZAMA

Kwanza ni jicho. Ukope wa chini uvutwe polepole kwa kidole gumba, na rangi ya nyama iliyo ndani itazamwe penye mwanga wa jua. Ikiwa nyekundu, kondoo ana damu ya kutosha. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu yake imekwisha na yumo hatarini. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye picha za rangi tano, ili mfugaji ailinganishe na jicho la kondoo wake.

Pili ni taya. Uvimbe laini chini ya taya, kama mfuko wa maji, ni dalili ya upungufu wa damu uletwao na minyoo wa tumboni au wa ini.

Tatu ni mgongo. Vidole vipitishwe ndani ya sufu mpaka viguse uti wa mgongo juu ya kiuno. Mifupa ikichoma kama meno ya msumeno, kondoo amekonda, hata kama kwa mbali aonekana mnene.

Nne ni miguu na mkia. Ukwato unuse vibaya au usinuse? Sufu ya nyuma ni safi au imegandamana na kinyesi? Penye uchafu ndipo nzi hutaga mayai, na mabuu yake humla kondoo ngozi angali hai.

MINYOO WANYONYAO DAMU

Adui mkubwa wa kondoo katika nchi za mvua na joto ni mnyoo mwembamba akaaye katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana, lakini kondoo mwenye minyoo elfu tano huweza kupoteza damu kiasi cha robo lita kwa siku moja. Kondoo wa kilo 30 hana damu zaidi ya lita mbili hivi. Basi si ajabu kwamba hufa kabla mwenyewe hajatambua.

Mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Penye joto na unyevu, mayai hayo huwa viluwiluwi vyenye kuambukiza kwa muda wa juma moja tu. Viluwiluwi hupanda juu ya majani yenye umande, na vingi vyao hukaa karibu na ardhi. Kwa hiyo malisho yaliyoliwa mpaka yakabaki kama zulia ndiyo yenye hatari kuliko yote. Yafaa kondoo wahamishwe kabla majani hayajawa mafupi sana, na wana-kondoo wapewe malisho yaliyopumzishwa, au shamba lililokwisha kuvunwa ambalo kondoo wakubwa hawajalikanyaga kwa miezi kadhaa. Majike wanyonyeshao huangaliwa zaidi, maana wakati huo hutoa mayai ya minyoo kwa wingi kuliko wengine.

Kuhusu dawa, liko kosa moja ambalo limeenea. Watu wengi huwanywesha kondoo wote dawa ile ile kila baada ya miezi michache, tena kwa kipimo kidogo ili chupa ifike mbali. Dawa kidogo huua minyoo dhaifu na kuwaacha walio hodari, nao ndio wazaao. Baada ya miaka michache dawa hiyo haifai kitu tena katika boma hilo. Njia iliyo bora ni kuwanywesha wale ambao macho yao yamekuwa meupe, au waliovimba taya, au waliokonda, na kuwapa kipimo kamili kulingana na uzito wao. Dawa imiminwe nyuma ya ulimi, na kichwa kisiinuliwe juu mno, isije ikaingia mapafuni. Muda ulioandikwa juu ya chupa, ambao nyama na maziwa havifai kutumiwa, lazima ufuatwe.

Kondoo wote hawako sawa. Uchunguzi uliofanywa Diani, katika pwani ya Kenya, miaka ya 1990, ulionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimasai huwavumilia minyoo hao vizuri kuliko Doropa, kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini. Mfugaji akaaye mahali pa joto na unyevu asidharau damu ya kondoo wa kienyeji anapotafuta dume.

KUPE, MBU NA HOMA

Mwaka 1910 wataalamu walianza kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo karibu na Nairobi, ukaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Kondoo hupata homa kali, huhara, pengine damu, na majike huharibu mimba. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Jambo la kukumbuka ni hili: kondoo waliozaliwa penye kupe hao kwa kawaida wamezoea, lakini kondoo watokao mahali pasipo kupe, wakipelekwa penye kupe, huweza kufa zaidi ya nusu yao. Kwa hiyo mnunuzi aulize kondoo wametoka wapi kabla ya kutoa fedha. Na kondoo mgeni atengwe majuma matatu au manne kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Ugonjwa mwingine ni homa ya Bonde la Ufa, uliotambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha. Huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa na mafuriko. Wana-kondoo hufa kwa wingi na majike huharibu mimba karibu wote kwa wakati mmoja. Homa hii huwapata watu pia; katika mlipuko wa 2006 na 2007 watu zaidi ya 100 walikufa nchini Kenya. Mimba iliyoharibika isishikwe kwa mikono mitupu, mnyama mgonjwa asichinjwe, na mganga wa wanyama apewe habari siku ile ile. Chanjo ipo, lakini hutolewa kabla ya mafuriko, si baada ya ugonjwa kuingia. Mganga huyo huyo aulizwe juu ya chanjo za ndui ya kondoo, sotoka ya mbuzi na kondoo, na ugonjwa wa ulimi wa buluu, kwa kadiri ya mahali.

KWATO, CHUMVI NA MBWA

Kwato huoza penye matope. Zizi liwe mahali penye mteremko ili maji yatiririke, na kwato zilizorefuka zikatwe kidogo kidogo kwa kisu kikali, pasipo kufikia nyama. Anayechechemea atengwe, maana ugonjwa wa kwato huambukiza.

Chumvi ya kulamba ni ya lazima. Udongo wa sehemu za Nakuru hauna madini ya kobalti ya kutosha, na zamani mifugo ilikonda huko katikati ya majani mengi, hata ugonjwa huo ukapewa jina la mji wenyewe. Lakini chumvi iliyotengenezwa kwa ng'ombe isipewe kondoo ovyo. Shaba nyingi iliyomo humkaa kondoo katika ini na baadaye humwua. Inunuliwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya kondoo.

Kondoo achinjwapo, mapafu na ini lenye malengelenge visitupiwe mbwa. Mbwa alaye vitu hivyo hupata tegu, na mayai ya tegu huyo hurudi kwa kondoo kupitia majani, na kwa watoto wa nyumba kupitia mikono. Vitu hivyo vichomwe moto au vizikwe ndani sana.

SIKU YA KUNYOA

Kondoo wa Kimasai na Doropa hawana haja ya kunyolewa kila mwaka. Bali Merino, Korideli na machotara wao hunyolewa mara moja kwa mwaka. Sufu ikiachwa miaka miwili huwa mzigo, hukusanya uchafu na wadudu, na humtesa mnyama kwa joto.

Wakati ufaao nyanda za juu ni kiangazi cha Januari na Februari. Usiku mmoja kabla ya kazi kondoo hawapewi chakula, ili matumbo yasiwe mazito wanapogeuzwa. Sufu lazima iwe kavu kabisa, maana sufu mbichi ikifungwa gunia huoza. Turubai safi hutandikwa chini, na mkasi wa kunyolea hunolewa na kuoshwa kwa dawa.

Kondoo hukalishwa matako chini, mgongo wake ukiegemea miguu ya mnyoaji. Akikaa hivyo vizuri hutulia. Kazi huanza kidarini na kushuka tumboni. Sufu ya tumbo huwekwa mbali, kwa sababu ni fupi na chafu. Kisha hufuata mapaja, shingo, ubavu mmoja, mgongo, na ubavu wa pili. Mkono mmoja huvuta ngozi ikazwe, na mkono mwingine hupitisha mkasi ukilala sawa juu ya ngozi. Asiyekaza ngozi huikata. Chuchu za jike na uume wa dume hufunikwa kwa kiganja mkasi upitapo karibu. Wala mkasi usipitishwe mara mbili mahali pamoja ili kupata ulaini, kwa kuwa vipande vifupi hupunguza bei ya sufu.

Sufu ikitoka nzima hutandazwa, kingo zenye kinyesi huondolewa, kisha hukunjwa na kutiwa katika gunia safi. Isifungwe kwa kamba ya katani, wala isitiwe katika gunia lenye kuchanika nyuzi, maana nyuzi hizo hazitengani na sufu kiwandani.

Lakini faida ya siku hiyo si sufu peke yake. Hiyo ndiyo siku ambayo kila kondoo husimama mbele ya mwenyewe bila vazi. Mbavu huonekana, na upele, kupe, vidonda na jipu lililofichika huonekana pia. Mikwaruzo hupakwa dawa papo hapo. Jike aliyekonda huandikiwa chakula zaidi, na mzee asiye na meno huuzwa kabla kiangazi hakijammaliza. Kondoo walionyolewa walazwe ndani usiku kwa majuma ya kwanza, kwa sababu baridi ya Kinangop pamoja na mvua ya ghafula huweza kuwaua wote usiku mmoja. Vidonda vikisha kupona, huogeshwa dawa ya kupe na upele. Sufu ikiwa fupi dawa hufika ngozini upesi, wala haipotei bure.

DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mtoto wa shule latosha. Kila kondoo awe na alama au namba sikioni, na ukurasa wake. Humo huandikwa siku aliyozaliwa, siku aliyopandwa, rangi ya jicho lake kila mwezi, dawa aliyokunywa na kipimo chake, na uzito wa sufu yake. Jike hubeba mimba muda wa miezi mitano hivi. Aliyeandika siku ya kupandwa atajua siku ya kukesha, atakuwa na iodini tayari kwa kitovu cha mtoto, na atahakikisha mtoto amenyonya maziwa ya kwanza mapema.

Baada ya mwaka mmoja daftari hilo husema mambo ambayo kondoo hawezi kusema. Huonyesha jike gani hunyweshwa dawa kila mwezi na watoto wake hufa, na yupi hajaguswa na dawa hata mara moja, naye amelea watoto wawili. Wa kwanza na auzwe. Wa pili na azaliwe kundi. Kwa njia hiyo, mwaka baada ya mwaka, kundi dogo huwa kundi lenye nguvu, na shule zifunguliwapo mwenye nyumba huchagua kondoo wa kuuza, badala ya kufukia mzoga.