Msiba Usio na Matanga

Shelui, wilayani Iramba, ni mji wa barabarani. Malori ya Nzega na Mwanza hupita usiku na mchana, lakini wenyeji wanajuana, na mtu akifiwa majirani hawangoji kuitwa: watakaa naye, watapika, watachanga rambirambi. Aliyeachana na mume wa mtu, au na mpenzi ambaye ukoo ulimkataa kwa ajili ya dini, hana wa kumpa pole. Kesho yake atafungua duka kama kawaida na kucheka na wateja. Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani, alihariri mwaka 1989 kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haimruhusu mtu kuionyesha, na mapenzi ya nje ya ndoa ni miongoni mwa mifano yake. Naona linalorefusha maumivu haya ni usiri, kuliko hata ukubwa wa penzi. Anayeficha jambo hulazimika kujilinda asilitaje, na ili ajilinde ni lazima alikumbuke. Kila akilisukuma, linarudi. Mwaka 1994 Daniel Wegner na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu huendelea kuwawaza zaidi wapenzi wa zamani waliokuwa wa siri kuliko wale waliojulikana.

Mtu anaweza kupinga kwamba huenda waliofichana ndio waliopendana sana, hivyo siri ni dalili tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika utafiti huohuo watu wasiofahamiana walikalishwa kucheza karata, baadhi yao wakigusanisha miguu chini ya meza bila wengine kujua. Waliofanya hivyo kwa siri walivutiana zaidi ya waliofanya waziwazi. Hapo hapakuwa na penzi la zamani la kusingizia.

Pingamizi lenye hasira zaidi ni kwamba anayeumia kwa siri amejitakia. Wa kuhurumiwa ni mke au mume aliyesalitiwa. Ni kweli ndiye wa kwanza, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Haki hiyo haiguswi na hoja yangu. Ila kumnyima mchepuko wa jana mahali pa kulia kunamwachia mtu mmoja tu anayeelewa kilio chake, naye ni yuleyule aliyeachwa. Simu moja ya usiku, ya kujuliana hali tu, yatosha kuanza upya. Aliyesalitiwa hanufaiki na hilo hata kidogo. Wala simaanishi anayeumia atangaze. Kumweleza msikilizaji mmoja anayetunza siri si sawa na kuanika mambo sokoni, na kama mwenzi ataambiwa au la ni uamuzi mwingine, unaohitaji akili iliyotulia. Kwa mtu wa Shelui msikilizaji huyo hafai kuwa jirani, hata awe mwema vipi, kwa sababu watakutana kisimani, kanisani na harusini. Heri mshauri nasaha au kiongozi wa dini wa Singida mjini, ambaye hamjui hata mmoja wa wahusika.